Bwana Darcy wa filamu na Bwana Darcy wa kitabuni

«Nina miaka 27 na ninajitegemea. Filamu ya Pride and Prejudice ya mwaka 2005 nimeiangalia mara nyingi hadi maneno yake nayajua kwa moyo. Kuna mwanamume ninayempenda, mkavu kama Bwana Darcy. Ujumbe wangu hukaa siku mbili tatu bila jibu, na mbele ya rafiki zake hunitania kwa namna inayoniumiza. Najiambia kuwa ndani ana moyo mzuri, siku moja atabadilika kama Darcy. Nyumbani nako mama anataka nimkubali mhasibu mmoja mpole, ila moyo wangu haujamwendea. Kila nikifika pale Charlotte anaposema ana miaka 27 na anaogopa, machozi hunitoka. Rafiki yangu wa klabu ya vitabu anasema kitabu kinasema mengine kabisa. Je, nikisome, ingawa Kiingereza cha zamani kinanishinda? Na mtu huchotaje funzo la maisha kwenye riwaya kama hizi bila kujidanganya?»

Dada yangu, umeuliza habari za kitabu, lakini kinachokukosesha usingizi ni watu wawili walio hai. Nitaanza na kitabu hata hivyo, maana rafiki yako kasema kweli, na tofauti aliyoiona inagusa hasa pale unapoumia.

Elizabeth Bennet, mhusika mkuu wa hadithi hii, hakumvumilia Darcy akingoja abadilike. Alimkataa. Katika riwaya ya Jane Austen, iliyochapishwa mwaka 1813, posa ya kwanza imo katika sura ya 34 kati ya sura 61. Elizabeth anamwambia waziwazi kilichomuudhi, kisha anaondoka na maisha yake bila matumaini yoyote kwake, wala hamtaki. Wanaonana tena karibu miezi minne baadaye, kwa bahati tu, tena yeye amekubali kwenda kutembelea Pemberley, nyumba ya Darcy, baada ya kuhakikishiwa kuwa mwenyewe hayupo. Kwa hiyo anayesema «Elizabeth alisubiri, na mimi nasubiri» anasimulia hadithi ambayo Austen hakuiandika.

Sasa tazama Darcy alifanya nini ndani ya miezi hiyo na baada yake, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Katika sura ya 35 anampa barua ndefu ya kujieleza. Kuhusu yule askari Wickham, aliyekuwa amemchafulia jina, anataja kiasi cha fedha: pauni 1,000 alizoachiwa Wickham katika wosia wa baba yake Darcy, na pauni 3,000 alizolipwa badala ya kazi ya ukasisi aliyoahidiwa. Anamtaja na shahidi, Kanali Fitzwilliam, ili Elizabeth amuulize akitaka. Anakiri pia kuwa ndiye aliyemtenga rafiki yake Bingley na Jane, dada yake Elizabeth. Haombi arudiwe. Anatoa maelezo yanayoweza kukaguliwa, basi.

Kisha sura ya 43, huko Pemberley. Bibi Reynolds, msimamizi wa nyumba, amemjua Darcy tangu ana miaka minne, na anasema hajawahi kusikia neno kali kutoka kwake. Elizabeth anajiuliza ni sifa gani yenye thamani kuliko ya mtumishi mwenye akili. Mwandishi hakumchagua mtu huyu ovyo. Mtumishi humwona bwana wake akiwa na njaa, akiwa na hasira, wakati hakuna mgeni wa kumpendeza.

Katika sura ya 45, Elizabeth akiwa hayupo chumbani, Caroline, dada yake Bingley, anamcheka sura na rangi yake mbele ya Darcy. Darcy anamnyamazisha kwa kusema kwamba kwa miezi mingi sasa anamhesabu miongoni mwa wanawake wazuri kuliko wote anaowafahamu. Sura hii uisome mara mbili, dada. Wewe umeniambia kuwa wako hukutania mbele ya rafiki zake. Darcy naye alianza vibaya: katika sura ya 3 alisema kwa Bingley, Elizabeth akisikia, kwamba ni mzuri kiasi lakini si wa kumvutia yeye. Ila hadithi inapoendelea, mbele ya marafiki ndipo anapomtetea.

La mwisho ni sura ya 52. Lydia, mdogo wake Elizabeth mwenye miaka 16, ametoroka na Wickham. Darcy anawatafuta London, analipa madeni ya Wickham yanayozidi pauni 1,000 kwa mbali, anamwekea Lydia pauni 1,000 nyingine, na anamnunulia Wickham cheo jeshini. Sharti lake ni moja: Elizabeth asijue. Habari inavuja kwa sababu Lydia hana breki mdomoni.

Ungeweza kuiangalia filamu mara ishirini usiyaone haya kwa uzito huu, na kosa si lako. Ni namna vyombo hivi viwili vinavyofanya kazi. Filamu hiyo ya 2005, iliyoongozwa na Joe Wright, ina dakika zisizozidi 130, na lazima ikushawishi kumpenda Darcy kabla hazijaisha. Silaha yake ni uso. Utakumbuka Darcy anavyompandisha Elizabeth kwenye gari la farasi, kisha kamera inashuka kwenye mkono wake uliobaki mtupu, vidole vikikunjuka. Ni picha nzuri kweli, na kitabuni haimo. Posa ya kwanza nayo filamu imeipeleka nje, mvua inanyesha, nyuso zimekaribiana hata unadhani watabusiana katikati ya matusi. Kitabuni wamo ndani, katika nyumba ya kasisi Collins, Elizabeth anaumwa kichwa, na Darcy anaeleza kwa kirefu jinsi ukoo wake Elizabeth ulivyo wa chini. Maneno ni yaleyale ya dharau, lakini mvua na pumzi za karibu humfanya mtazamaji aisikie dharau kama hamu. Kuhusu Wickham na madeni yake, filamu inayapitisha Lydia akibwabwaja mezani, maneno machache, halafu mbele.

Ukizoea kusoma mabadiliko ya mtu usoni mwake, utaanza kuyasoma hata pale ambapo hayapo. Mwanamume akikutazama sekunde tatu zaidi ya kawaida baada ya kukudhalilisha, akili iliyofunzwa na kamera inasema: «Umeona? Anapigana na nafsi yake.» Huenda anawaza mpira.

Kitabu kinafanya kinyume. Karibu muda wote tumefungiwa kichwani mwa Elizabeth. Msimulizi anayasema mawazo yake kwa sauti ileile anayosimulia mambo ya hakika, na usipokuwa mwangalifu hujui lipi ni tukio na lipi ni dhana ya binti mwenye hasira. Ndiyo maana katika sura ya 16 Wickham anapomlilia Elizabeth jinsi Darcy alivyomdhulumu, msomaji humwamini pamoja naye. Sura 20 baadaye, katika ile ya 36, Elizabeth anairudia ile barua na kugundua alichopaswa kukiona mapema: mtu huyu alimwaga siri zake kwa mgeni, na alijisifu kuwa hamwogopi Darcy ilhali dansi ya Netherfield, nyumbani kwa Bingley, aliikimbia. Anajiambia kuwa mpaka dakika ile alikuwa hajijui. Kwa maoni yangu hapo ndipo moyo wa riwaya ulipo, kuliko posa zote mbili. Ucheshi wa Wickham haukuwa ushahidi wa wema, na ukavu wa Darcy haukuwa ushahidi wa ubaya. Lakini angalia usiigeuze: ukavu haukuwa ushahidi wa wema pia.

Nikuambie na upande usiopendeza. Hata Darcy wa kitabuni hathibitishi kuwa wanaume wakali hubadilika. Alibadilika kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwa Austen. Riwaya inaweza kukuonyesha badiliko la kweli hufanana na nini likitokea, ila haiwezi kukuahidi kuwa litatokea kwa huyu wako. Anachokueleza Darcy mwenyewe katika sura ya 58 ni kwamba maneno ya kukataliwa yalimtesa muda mrefu kabla hajakubali kuwa ni ya haki. Aliambiwa, akapoteza, akaanza kazi bila kuahidiwa malipo.

Kwa hiyo kwa huyu bwana, acha kukisia moyo wake. Mwambie mara moja, mkiwa wawili, kwa jambo lililotokea na siku yake: «Jumamosi uliposema vile mbele ya fulani, uliniumiza. Sitaki lirudiwe.» Usiandike ujumbe wa kurasa tatu, maana ukiambatanisha na malalamiko ya mwaka mzima atajibu lile jepesi na kuacha lililo zito. Kisha angalia matendo ya wiki sita hadi nane zinazofuata, na uangalie yasiyokuhusu wewe: anavyosema na mhudumu wa mgahawa, na kondakta, na mdogo wake anayemwomba hela. Huyo ndiye Bibi Reynolds wako. Ukisikia «wewe nawe, utani tu huo» na wiki inayofuata utani uleule umerudi, jibu umeshapata, na halihitaji kutafsiriwa. Kukawia kujibu ujumbe peke yake nisingekuhesabu sana. Kuna watu wabovu wa simu wenye tabia njema. Kukudhalilisha hadharani ndiko kunanitia wasiwasi.

Sasa Charlotte, na machozi yako. Maneno yale ya filamu, kwamba ana miaka 27, hana fedha, ni mzigo kwa wazazi na anaogopa, Austen hakuyaandika. Yametungwa kwa ajili ya filamu. Charlotte wa sura ya 22, rafiki ya Elizabeth anayekubali kuolewa na yule kasisi Collins, ana miaka 27 kweli, lakini haonyeshi hofu. Anasema kwa utulivu kuwa yeye si mtu wa mapenzi ya ndotoni, anachotaka ni nyumba yenye utulivu, na amepiga hesabu zake. Filamu ilimwongezea hofu ili mtazamaji wa leo amhurumie badala ya kumwona baridi. Ni uamuzi mzuri wa kisanii, ila wewe umeubeba kama hukumu ya umri wako.

Hesabu za Charlotte zilikuwa za wakati wake. Chukua nyumba ya Elizabeth mwenyewe. Shamba la baba yake linaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, lakini limefungwa kisheria lirithiwe na mwanamume tu. Waliokulia pwani wataelewa haraka wakifikiria mali ya wakfu: unakula mapato yake, huwezi kuiuza. Akifa baba, shamba linakwenda kwa binamu Collins. Mama na mabinti watano wanabakiwa na pauni 5,000, na kwa faida ya asilimia nne hizo ni pauni 200 kwa mwaka, yaani sehemu ya kumi ya walichozoea. Tena kule hapakuwa na mahari ya kutoka kwa mume. Fungu lilitoka upande wa bibi harusi, na kila binti wa Bennet angekuwa na pauni 1,000 tu za kutembelea nazo sokoni mwa ndoa. Kazi ya heshima kwa binti wa tabaka lao ilikuwa karibu moja, kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao. Wewe umeandika neno ambalo Charlotte hakuweza kulisema: unajitegemea. Hesabu ikibadilika, jibu lake haliwezi kubaki lilelile.

Na kwa kuwa umri unakusumbua, hili nalo. Desemba 1802 Jane Austen alikubali posa ya Harris Bigg-Wither, mrithi wa mali kubwa, na asubuhi yake akaikataa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili atimize miaka 27. Hakuolewa hadi kufa kwake mwaka 1817. Baadaye alimwandikia binti wa kaka yake kuwa ni bora kuvumilia lolote kuliko kuolewa bila mapenzi, na katika barua nyingine akamwambia kuwa wanawake wasioolewa wana tabia mbaya sana ya kuwa maskini. Zote mbili alizimaanisha. Nawe usichague barua moja ukaificha nyingine.

Ndiyo maana nakuomba usimpe mhasibu wa watu jina la Bwana Collins. Ubaya wa Collins haukuwa kwamba Elizabeth hakumpenda. Ubaya wake ni kwamba katika sura ya 19 alimposa Elizabeth, akaambiwa «hapana» mara kadhaa akaendelea kuieleza kuwa ni «ndiyo» ya aibu. Mtihani mzuri zaidi kwa mhasibu uko katika sura ya 59, pale Bwana Bennet anapomwambia Elizabeth asije akaolewa na mtu asiyeweza kumheshimu. Baba huyo anajua anachosema, kwani alioa uzuri, na heshima kwa mkewe ikaisha mapema. Kaa na mhasibu mara tatu nne mkizungumza mambo mazito: fedha, watoto, wazazi wenu. Pima kama unamheshimu na kama anasikia unapokataa jambo. Heshima ikikosekana, mwambie mapema asipoteze muda wake. Ikiwepo, huenda bado usimtake, na hiyo pia ni haki yako.

Kuhusu kusoma: ndiyo, soma, na filamu uliyokwisha kuiona itakusaidia, maana visa unavijua na sasa unatafuta maneno tu. Kitabu hakina tena hakimiliki, kinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na LibriVox, mtandao wa vitabu vya kusikiliza, wana sauti za bure. Sikiliza huku macho yakifuata maandishi. Sentensi ndefu za Austen zinafunguka ukizisikia kwa sauti. Kwa sura tatu kwa siku utakimaliza ndani ya wiki tatu. Ukishindwa kabisa, soma hizi kwanza: 3, 16, 22, 34 hadi 36, 43, 45, 50, 52, 58 na 59. Jihadhari na namba: matoleo yanayofuata mgawanyo wa kale wa mabuku matatu huanza kuhesabu sura upya kila buku, na buku la kwanza lina sura 23, kwa hiyo sura ya 34 itaandikwa buku la pili, sura ya 11.

Ukitaka kitu cha kuangalia katikati, tamthilia ya BBC ya mwaka 1995 ina vipindi sita na inaipa ile barua nafasi yake. Nayo si msahafu. Andrew Davies, aliyeiandikia muswada, aliongeza Darcy akioga, akicheza upanga na kutumbukia ziwani, mambo ambayo hayamo kitabuni. Maana yake tunapewa siri za Darcy ambazo Elizabeth hana, na ule ujinga wake uliopaswa kuwa wetu pia unapungua.

Njia ya kuchota funzo bila kujidanganya, kwa kazi yoyote, ni hii ninayoipendelea. Chukua tukio lililokugusa, ulitafute kitabuni na kwenye filamu. Likiwa kwenye filamu tu, jiulize mwongozaji alilihitaji kwa kazi gani. Likiwa kotekote, andika kwenye karatasi mhusika alijua nini dakika ile na nani aligharamika. Halafu, na hapa wengi huteleza, litafute funzo hilohilo kwa mhusika mwingine aliyelifuata likamharibikia. «Fuata moyo wako» ni funzo tamu kwa Elizabeth, lakini Lydia naye aliufuata wake. Mnaweza kulifanyia zoezi hili klabuni kwa Kiswahili: riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, yenye binti Yasmin aliyeozwa kwa mzee, na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Muone kamera imemkalia nani zaidi na nani amebaki pembeni.

Jambo moja haliwezi kutatuliwa kwa vitabu. Ikiwa huyu bwana hukutisha, hukupiga, hukagua simu yako, hukutenga na ndugu, au unajikuta unaogopa kumwambia ile sentensi ya Jumamosi, usimwambie peke yako na usisubiri wiki sita. Ongea na mtu unayemwamini, kisha nenda ana kwa ana kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi ukiwa Tanzania. Ukiwa Kenya kuna namba ya bure 1195. Na kama huzuni imekuwa ya kila siku, usingizi na hamu ya kula vimepotea kwa wiki mbili au zaidi, muone mshauri nasaha au daktari. Vivyo hivyo ukiona nyumbani shinikizo la ndoa limegeuka kuwa lazima.

Kama ni shinikizo la kawaida la mama, mwalike kwenye hadithi. Sura ya 50 inaeleza jinsi Bwana Bennet alivyotumia mapato yote miaka nenda miaka rudi bila kuweka akiba, akitegemea atazaliwa mtoto wa kiume wa kuifungua ile mali, na mtoto hakuja. Filamu imempa baba huyo upole mwingi na hesabu hii haikumgusa. Ukurasa huo ufasiri kwa Kiswahili chako, umsomee mama jioni moja, halafu umuulize ni nini hasa anachokihofia juu yako siku atakapokuwa hayupo. Yawezekana ni fedha, na hapo utamwonyesha daftari lako la akiba.